Cheti Tulipewa Nairobi, Kazi Tulifunzwa Nyumbani

Hotuba ya kamati ya vijana na michezo, tawi la Nairobi, iliyosomwa katika mkutano mkuu wa mwaka wa chama chetu, Desemba 2024



Tumeombwa na kamati kuu tueleze jinsi fedha mlizochanga mwaka jana kwa ajili ya mchezo wa upinde zilivyotumika. Wengi mnatujua. Tuko watano: wahasibu wawili, muuguzi, mwalimu, na mmoja anayeuza vipuri vya magari. Sote tumepita miaka arobaini, na hakuna aliyekuwa ameshika upinde tangu utotoni, tulipokuwa tukichonga vijiti kuwinda ndege shambani. Kwa hiyo tunajua wapo walioguna waliposikia kwamba watu wa ofisini wanakwenda kusomea kufundisha mishale, tena kufundisha watoto wa Sabaki! Walioguna hawakukosea sana. Tutaeleza kwa nini.

Tuanze na sababu ya kuchagua upinde. Mpira tunao, na tutaendelea kuusaidia. Lakini upinde ni wetu. Majirani zetu Waata, ambao vitabu vya zamani viliwaita Waliangulu, walijulikana mbali kwa pinde ndefu zilizohitaji nguvu ya zaidi ya pauni 100 kuvuta. Upinde anaopewa mtoto anayeanza leo huvutwa kwa pauni kati ya 14 na 20 hivi. Sisi Wagiriama tuliishi nao, tukafanya nao biashara, tukaoana nao. Hifadhi ya Tsavo ilipoanzishwa mwaka 1948, na baadaye katikati ya miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilipoendesha operesheni kubwa dhidi ya wawindaji wa ndovu, wanaume wengi wa Waata walikamatwa na kufungwa. Mwaka 1977 uwindaji ukapigwa marufuku nchini kote. Hatusemi ndovu wauawe. Ndovu ni mali ya taifa na sheria ni sheria. Tunasema tu kwamba ujuzi uliochukua vizazi kujengwa uligeuka jambo la kuficha. Mzee aliyekuwa na upinde aliuweka darini, na mjukuu wake akakua bila kujua jina la uzi wake, kwamba unaitwa upote.

Ilhali kwingine duniani upinde ni mchezo wa heshima. Umo katika Olimpiki mfululizo tangu mwaka 1972, mpigaji akisimama mita 70 kutoka kwenye shabaha yenye upana wa sentimita 122. Kenya yetu nayo imefika huko. Mwaka 2016 kule Rio, aliyeibeba bendera ya Kenya siku ya ufunguzi alikuwa Shehzana Anwar, mpigaji mishale. Tulijiuliza: kama Mkenya anaweza kubeba bendera kwa sababu ya upinde, kwa nini mtoto wa kwetu auone upinde kuwa ni aibu au ni jela?

Basi mkachanga, nasi tukaenda kusoma. Ada ya kozi tulijilipia wenyewe, na tunaomba hilo liandikwe. Ilikuwa kozi ya ngazi ya kwanza ya ukufunzi, ya kumwezesha mtu kufundisha wanaoanza. Tulifundishwa kupima jicho tawala, maana wapo wanaotumia mkono wa kulia lakini jicho lao lenye nguvu ni la kushoto. Tulifundishwa kutoachia kamwe uzi wa upinde usio na mshale, kwa sababu nguvu ambayo ingebebwa na mshale hurudi kwenye upinde na inaweza kuuvunja, na vipande vyake vinaweza kumjeruhi aliyeushika. Tukafundishwa lugha ya firimbi. Firimbi mbili, wapigaji wasogee mstarini. Firimbi moja, waanze. Firimbi tatu, wote wameshamaliza, wakachukue mishale. Firimbi tano au zaidi mfululizo ni hatari, kila mtu aache mara moja.

Jambo lililotufurahisha sisi wahasibu ni namna ya kusoma mishale iliyokwisha kupigwa. Mtu asiyejua husherehekea mshale mmoja uliopiga katikati. Mkufunzi hutazama yote. Mishale mitatu iliyokusanyika pamoja chini kushoto ni habari njema kuliko mmoja wa katikati na miwili iliyotawanyika, kwa sababu aliyekusanya anafanya jambo lilelile kila mara, na kosa linalojirudia hurekebishika. Ofisini ni hivyohivyo. Hesabu zikikataa kukubaliana kwa kiasi kinachogawanyika kwa 9, tunashuku kwanza kwamba mtu amegeuza tarakimu, ameandika 54 badala ya 45. Kosa lenye mpangilio linaonyesha lilikoanzia. Tulipokea vyeti vyetu tukiwa na hakika kwamba tumeuelewa mchezo.

Likizo ya Aprili tukaja nyumbani na pinde nane. Shule ilitupa uwanja wa nyuma, tukashindilia matambara kwenye magunia yakawa shabaha, tukafunga kamba kuzunguka uwanja. Walikuja watoto 24, tukawagawa makundi matatu ya wanane wanane. Ndani ya kamba waliruhusiwa wanafunzi na wakufunzi tu.

Asubuhi ile ya kwanza alikuja mzee mmoja wa Kiwaata, jirani wa shule. Wengi hapa mnamfahamu, naye ametuomba tusimtaje jina. Baba yake alikuwa miongoni mwa waliofungwa siku zile. Aliomba kuingia aone pinde. Tulimwambia kwa adabu, lakini tulimwambia: “Mzee, tuwie radhi, sheria ya uwanja inataka wenye vyeti.” Akavuta kigoda akakaa chini ya mkwaju, nje ya kamba. Leo tunalisema mbele yenu kwa sababu lilikuwa kosa letu la kwanza, na makosa mengine yalifuata njia hiyohiyo.

Siku mbili za mwanzo tulifundisha kwa midomo. Mtoto anavuta uzi, mmoja wetu anasema inua kiwiko, mwingine anasema shusha bega, wa tatu anasema usikaze vidole. Mishale ilikwenda kila upande. Mtoto mmoja wa kike, wa miaka kumi na mmoja, aliushusha upinde akatuuliza: “Mwalimu, nisikilize lipi kwanza?” Hatukuwa na jibu. Tulikuwa tumesahau yale yaliyotufurahisha Nairobi. Tulikuwa tunasahihisha kila mshale peke yake, kama karani anayefuta na kuandika upya kila mstari bila kutafuta kosa liko wapi.

Jioni ya siku ya pili mzee alituita chini ya mkwaju. Akasema: “Wanangu, mnawafundisha kuitazama ile karatasi. Mtoto hajaujua mkono wake bado, ataijuaje karatasi?” Tukamkaribisha ndani ya kamba, tumechelewa. Aliiondoa karatasi yenye rangi kwenye gunia. Akamsimamisha yule binti hatua tatu tu kutoka kwenye gunia, akamwambia avute, afumbe macho, asikilize mgongo wake, kisha aachie. Mshale mmoja, wa pili, wa tatu. Binti alipofumbua macho, mishale yote ilikuwa mahali pamoja, unaweza kuifunika kwa kiganja. Hakuambiwa neno lolote kuhusu kiwiko wala bega.

Na hapa ndipo tulipoona haya. Zoezi lile tulikuwa nalo. Lilikuwa kwenye daftari zetu za kozi: anayeanza apige karibu, kwenye shabaha tupu, mpaka mwili uzoee, ndipo apewe karatasi ya kulenga. Tuliliruka kwa sababu watoto walizipenda rangi, na sisi tulipenda kuwaona wakifurahi. Na mtoto mwingine alipotaka kuvuta na kuachia uzi bila mshale, mzee alimshika mkono kabla yetu. Alijua yote tuliyolipia ada kuyajua, na tulikuwa tumemweka nje ya kamba.

Siku ya tatu ndiyo iliyotufanya tuombe nafasi hii ya kuzungumza. Tulijadiliana kama tuiseme hadharani, maana hiki ni kitabu cha kuchangisha, na mtu huchangia kilichofaulu. Tumeona tuiseme. Fedha ni zenu na watoto ni wenu.

Katika kundi la pili kulikuwa na mvulana wa miaka kumi, mtulivu, aliyefuata kila tulichosema. Tulimsifu mbele ya wenzake kwa utii. Siku hiyo tulibadilisha nafasi, tukamweka mwisho kabisa wa mstari, upande wa kulia. Mtu anayetumia mkono wa kulia huelekeza bega la kushoto kwenye shabaha, kifua kikitazama upande wa kulia, kwa hiyo aliye mwisho wa kulia haoni mwenzake yeyote bila kugeuka. Mvulana alipiga mishale yake mitatu, akaulaza upinde chini vizuri kama tulivyomfundisha, akaanza kutembea kwenda kuchukua mishale. Wenzake saba walikuwa bado wanapiga.

Tukapuliza firimbi tano. Watoto wote wakaacha. Yeye aliendelea kutembea. Tukapuliza tena, tukapiga kelele kwa jina lake. Aliendelea. Yule binti wa miaka kumi na mmoja alikuwa jirani yake kwenye mstari, uzi ameuvuta hadi kidevuni. Hakuuachia. Aliurudisha polepole, akautoa mshale, akauelekeza chini. Mmoja wetu alikimbia akamshika mvulana begani, naye akageuka akitabasamu, akashangaa kuona watu wote wamesimama kimya.

Mtoto yule hasikii. Aliugua masikio akiwa mdogo. Sikio moja halipati kitu, la pili linapata kidogo sana, ukiwa karibu na uso wake. Siku mbili zile hakuwa anasikia firimbi hata moja. Alikuwa anawatazama wenzake wa mbele yake kwenye mstari na kufanya walichofanya. Tulichokiita utii kilikuwa ni macho yake yakifanya kazi ya masikio. Tulipomweka mahali asipomwona mtu, tulimwacha peke yake.

Fomu ya kuandikisha watoto tuliitengeneza sisi wahasibu. Iliuliza jina, umri, darasa, na simu ya mzazi. Haikuuliza kama mtoto anasikia, anaona vizuri, au ana kifafa. Muuguzi wetu naye alikiri kwamba aliisoma fomu ile na hakuona pengo. Tulikuwa tumehakikisha kila safu imejazwa, na hatukumtazama mtoto.

Tulifunga mazoezi siku ile. Jioni tukaenda wote watano nyumbani kwa mvulana, anakoishi na bibi yake. Tulikwenda tukijua tutafukuzwa, na tulistahili. Hawe alitusikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema: “Mimi nilidhani mnajua. Mtu akimchukua mjukuu wangu kutwa nzima, nadhani amemtazama.” Tukanyamaza. Akasema: “Kesho atakuja, maana hakulala kwa furaha tangu mlipokuja. Lakini mumtazame.”

Tangu siku hiyo tulibadilisha mambo manne, na yote mtayaona mkija uwanjani.

La kwanza, kila firimbi sasa ina bendera. Kijani imeinuliwa, piga. Nyekundu imeinuliwa, hakuna anayegusa mshale. Kwenye mashindano makubwa hutumia taa za rangi pamoja na sauti, nasi tulikuwa tumeliona hilo kwenye kozi tukadhani ni anasa ya wenye umeme.

La pili, hakuna mtoto anayeuvuka mstari mpaka mkufunzi atangulie yeye mwenyewe, na mkufunzi hatangulii mpaka ahesabu pinde nane zimelala chini. Mvulana wetu husimama mwisho wa kushoto, ambako mstari mzima uko mbele ya macho yake.

La tatu, kabla mtoto hajashika upinde, mmoja wetu huketi na mzazi au mlezi wake na kumuuliza habari zake. Fomu bado tunayo, lakini hujazwa baada ya mazungumzo.

La nne, tunasema kidogo na kuonyesha zaidi. Hili tulilianza kwa ajili ya mtoto mmoja. Tulisimama mbele yake, tukavuta polepole, tukamgusa bega kumwonyesha, tukamwacha apige mara tatu ndipo tuseme jambo moja tu. Wiki ilipokwisha tuliona watoto wote 24 wanakusanya mishale vizuri zaidi. Walikuwa wameteseka na maneno yetu wote, ila ni yeye peke yake ambaye hakuyasikia.

Kuna mzazi aliyetuuliza kwa nia njema kama si afadhali mtoto wa namna hiyo akae pembeni. Tulimjibu kwamba mchezo huu una historia nyingine. Mwaka 1948, katika hospitali ya Stoke Mandeville kule Uingereza, watu 16 waliojeruhiwa vitani, wakiwa kwenye viti vya magurudumu, walishindana kwa upinde, na shindano hilo ndiyo mbegu ya Michezo ya Walemavu ya leo. Mwaka 2024 kule Paris, Mmarekani Matt Stutzman, aliyezaliwa bila mikono, anayeshika upinde kwa mguu, alitwaa dhahabu. Kukosa kusikia hakumzuii mtoto kulenga. Kinachoweza kumzuia ni mkufunzi asiyemtazama.

Likizo ya Agosti tulirudi. Walikuja watoto 31. Mzee alikuwa na kigoda chake ndani ya kamba tangu asubuhi ya kwanza. Mvulana wetu, kundi lake likipumzika, ndiye alikuwa akiinua bendera, na hatujaona mtu mwangalifu kuliko yeye kwa kazi hiyo. Kwa wiki nzima hakuna mtoto aliyevuka mstari kabla ya wakati.

Sasa hesabu. Mlichanga shilingi 168,000. Pinde nane pamoja na mishale yake ziligharimu 112,000. Magunia, mbao, kamba na nyavu 21,500. Kinga za mikono na ngozi za vidole 9,600. Kusafirisha vifaa kutoka Nairobi 18,400. Jumla 161,500. Salio ni 6,500, na liko benki. Risiti zote ziko kwa mweka hazina, na yeyote anayetaka kuziona aulize leo hii.

Ombi letu la mwaka huu ni shilingi 240,000. Kati ya hizo, 95,000 ni za kuinua tuta la udongo nyuma ya shabaha na kuweka uzio badala ya kamba, kwa sababu njia ya watu kwenda mtoni inapita karibu na mshale hauchagui. Nyingine 45,000 ni za mishale na nyuzi za akiba.

Na 100,000 ndizo tunazoziombea kwa nguvu zaidi. Ni za kuwapeleka watu wanne wa hapa nyumbani kwenye kozi tuliyosoma sisi: walimu wawili wa shule ya msingi, kijana mmoja wa kike aliyemaliza kidato cha nne, na mjukuu wa yule mzee. Kati ya likizo na likizo pinde zenu nane zimefungiwa stoo. Watoto wanajifunza wiki moja, wanasahau miezi mitatu. Na sisi tunaokuja kwa basi la usiku hatuwezi kujua mtoto gani ameugua masikio, nani anaishi na bibi yake, nani ana njaa siku hiyo. Anayejua hayo ni anayeishi naye. Mtu wa hapa akipata cheti, atakuwa na vyote viwili.

Cheti cha mzee hatuwezi kumwandikia. Tunachoweza ni kuhakikisha kwamba kila atakayesomea kazi hii atakaa naye kwanza, kabla ya kwenda Nairobi na baada ya kurudi.

Wazee wetu walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Mwenye elfu atoe elfu, mwenye mia atoe mia, mwenye siku moja ya jembe aje tuinue tuta pamoja Jumamosi ya kwanza ya Januari, saa moja asubuhi, uwanja wa nyuma ya shule. Na mwenye mtoto amlete. Tutaketi naye kwanza, tuulize habari zake.

 Harambee!